Jina la Mkwe Ndani ya Fanki

Kwa anayeingia leo kwenye balaa langu: naitwa Shamsi, napiga gitaa la besi, na nakaa Kasulu mjini. Wenzako nimeshawasimulia jinsi amplifaya yetu ilivyoungua siku ya mazoezi, jinsi mpiga ngoma wetu wa kwanza alivyookoka ghafla akaondoka na vijiti, na jinsi tulivyorekodi albamu nzima kwenye chumba cha nyuma ya saluni, ukutani trei za mayai na godoro la mwenye saluni.

Wanajua pia kwamba nampenda Asmahani, binti wa Mzee Hilali wa Kibondo, na kwamba mzee huyo, baada ya kunizungusha mwaka mzima, amekubali kuipokea posa yangu. Basi hapo ndipo tulipo. Ni mwezi wa sita, mwaka 2014, maharage yametoka shambani, nina albamu na nina mchumba. Mtu mwenye akili zake angetulia na hivyo viwili.

Albamu inaitwa Mzani. Muziki wenyewe ni fanki iliyochanganywa na jazi, ile ambayo wenyewe Ulaya wanaiita asidi jazi. Niliupata kwenye flashi aliyoisahau mzungu mmoja wa shirika wakati kambi ya wakimbizi ya Mtabila inafungwa. Niliusikiliza mpaka nikakosa hamu ya kula. Hapa Kasulu nikisema napiga asidi jazi, watu wananiletea betri za gari niwachajie.

Na si kwamba tulipiga kelele tupu. Nyimbo zote ni za kutetea wanyonge. Upo wimbo wa bomba la kijiji linalotoa maji siku ya ziara ya mkubwa tu. Upo wa mabinti wanaotolewa shule msimu wa mavuno. Upo wa jirani aliyezaliwa hapahapa, akapewa uraia na cheti juu, na bado anaitwa mgeni. Na upo ule wa lumbesa, ambao ndio umenifikisha kwenye gazeti hili.

Lumbesa unaijua. Mnunuzi anajaza gunia la mkulima mpaka mdomo haufungiki, kisha anashonea kofia ya wavu juu yake, anajaza tena hadi kofia inasimama wima. Mkulima anauliza, hilo ni gunia moja na nusu, si ndiyo? Anaambiwa ni moja. Analipwa moja, anarudi kwao.

Sasa shika roho yako. Mnunuzi mkubwa wa maharage kwa lumbesa pale Kibondo ni Mzee Hilali, baba wa mchumba wangu.

Nilijua, sikatai. Lakini nilijiambia kwamba wimbo hautaji mtu, unataja tabia. Nikajisifu kabisa kwa busara hiyo. Nilijiona msanii mkomavu, mwenye kuijenga jamii bila kubomoa uchumba wake.

*

Siku redio ya hapa ilipoupiga wimbo huo kwa mara ya kwanza, tulikuwa bendi nzima kwenye kibanda changu cha kuchaji simu. Bazilio mpiga tarumbeta alikuwepo na kaunda suti yake ya kwaya. Niyitegeka mpiga gitaa alikuwepo, kakaa juu ya ndoo, miguu inatikisika kabla hata wimbo haujaanza.

Besi ikaingia. Besi yangu. Nikafumba macho.

Kikafika kiitikio. Kiitikio niliandika hivi: "Nani kalivika gunia kofia? Nani anakula jasho la mkulima?" Maswali mazito hayo, niliyatafuta wiki mbili. Lakini tulirekodi kwa maikrofoni moja, na Bazilio kafundishwa tarumbeta kanisani, ambako wanapuliza ili mlima wa pili usikie. Maswali yangu yote yakazama humo. Halafu Bazilio akavuta pumzi, pakawa na upenyo mdogo safi kabisa, na ndani ya upenyo huo ikasikika sauti ya mtu mmoja, kavu, haina hata mwangwi:

"Mzee Hilali! Kibondo nzima!"

Nikafumbua macho. Nikadhani nimesikia vibaya. Kiitikio kikarudi. "Nani..." tarumbeta, tarumbeta, tarumbeta, "Mzee Hilali! Kibondo nzima!"

"Ni nani huyo?" nikauliza.

Niyitegeka akanyoosha mkono juu, anatabasamu. "Ni mimi."

Niyitegeka ni Mtanzania kama mimi, wazazi wake walitoka Burundi zamani. Ila gitaa kalijifunzia kwa Wakongomani wa kambi ya Nyarugusu, na akizungumzia muziki anageuka Mkongomani na yeye.

"Umefanya nini, ndugu yangu?" nikamwambia. "Huu ni wimbo wa kuwasema wezi."

"Najua. Lakini muzee alinipakia bure kwenye fuso yake, juu ya maharage, kutoka Kibondo mpaka hapa. Na chakula alinipatia. Njo vile tunafanyaka kwa muziki, Shamsi. Mutu akikusaidia, unatupa jina yake ndani."

"Sasa si ungelitupa kwenye wimbo wa bomba?"

"Kwa bomba sikupata nafasi. Bazilio anapuliza tu, hapumui. Hapa alipumua."

Bazilio akainamisha kichwa, akasema pale palikuwa na noti ngumu.

"Na mimi nilikuwa wapi?"

"Ulienda kuswali Ijumaa."

Utauliza, Shamsi, hukuisikiliza albamu yako kabla ya kuitoa? Niliisikiliza, tena mara nyingi. Lakini mimi ni mpiga besi. Niliisikiliza besi. Mwulize mpiga besi yeyote, atakuambia hajui hata nyimbo zake zinaimba nini.

Kurekodi upya haikuwezekana. Fundi wa studio alishafuta kila kitu ili apate nafasi ya kurekodi ngonjera za shule, na sidi zilishasambaa mpaka Rungwe Mpya. Nikakaa chini kwenye sakafu ya kibanda. Nilimwona Asmahani anaolewa na muuza mabati mmoja wa Kibondo anayemtaka pia.

*

Jioni ile ile akapiga simu.

"Baba kasikia," akasema Asmahani.

"Kasikia nini?"

"Jina lake. Redioni."

"Kasemaje?"

"Kaniambia nipunguze moto, chai inachemka sana, hasikii vizuri."

"Halafu?"

"Wimbo ulipoisha kaniambia nimpigie mtangazaji aurudie."

Nikaona heri niulize kila kitu nikiwa bado nimekaa. "Ina maana maneno hajayaelewa?"

"Shamsi, hata mimi niliyekueleza mambo ya gunia sikuyaelewa maneno. Ni tarumbeta na jina la baba."

Hapo msanii halisi angeumia. Kazi ya miaka miwili, ujumbe kwa taifa, na hakuna neno lililofika. Mimi nilitandika mkeka nikamshukuru Mungu kwamba wimbo wangu haueleweki.

Kesho yake Mzee Hilali akanipigia mwenyewe. Hajawahi kunipigia tangu nizaliwe. "Mwanangu," akasema, na neno hilo nalo hajawahi kulitumia kwangu. "Posa ni wiki hii. Na uje na wewe."

Ami yangu, Hashimu, ndiye aliyekuwa mshenga wangu. Ni ndugu wa marehemu baba, anauza kanga sokoni Kasulu, na mambo ya desturi anayashika kuliko kanga zake. Nilipomwambia akavua miwani.

"Mwoaji haendi kwenye posa yake. Hiyo ni posa au mkutano wa hadhara?"

"Kaniita mwenyewe, ami."

"Umemfanyia nini huyo mzee?"

"Nimemwimba."

Akairudisha miwani. Siku zote ami aliamini kwamba muziki ndio utakaoninyima mke. Sasa ilimbidi ajipange upya.

*

Kibondo tulifika wekundu kwa vumbi, mpaka kope. Ami akaenda kuoga kwa rafiki yake. Mimi kiherehere kikanipeleka kwenye yadi ya mzee, karibu na sokoni, nikamsalimie kwanza.

Wimbo niliusikia kabla sijaiona yadi. Mzee Hilali alikuwa kafunga spika mbili juu ya paa la ghala, zile za kutangazia mikutano. Chini yake mzani, mlima wa maharage na mstari wa wakulima na magunia yao.

Na watu wanacheza. Nasema kweli. Miaka miwili naota watu wa nyumbani wakicheza fanki, na huko Kasulu kwenye uzinduzi walikaa na kukunja mikono kama wako kwenye kesi. Hapa akina mama wanakata viuno na watoto mgongoni. Nikasisimka mwili mzima, machozi yakanilenga.

Kisha nikaona wapakiaji wanavyofanya kazi. Lilikuwepo gunia katikati, limeshavikwa kofia ya wavu, na vijana wawili wameshika pembe zake. Besi ikipiga, wanalinyanyua na kulibwaga chini. Ikipiga tena, wananyanyua, wanabwaga. Kila pigo maharage yanashuka, nafasi inapatikana juu, mtu wa tatu anamwaga mengine.

Ukitaka kulishindilia gunia unahitaji mwendo mmoja usiobadilika, na mimi nilikuwa nimewapa mwendo huo. Gunia lilikuwa linakula kwa besi yangu.

Mwenye gunia alikuwa mama mmoja mfupi, kajifunga kanga kifuani, naye anacheza. Wenzake walimwita Mama Rosa, katoka Nyabibuye na maharage yake. Mpakiaji mmoja alinitambua kwa picha ya jalada la sidi, akaninyooshea kidole, na mama akanijia akipiga makofi taratibu, kama wanavyosalimia watu wa kwao.

"Mwakeye," akanisalimia kwa Kiha. "Ni wewe umeimba?"

"Ni mimi, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Ngoma yako tamu. Sasa inasema nini? Kiswahili chenu cha redio kinakimbia."

Hilo nalo ni kosa langu. Maneno ya beti niliyaandika kwa Kiswahili cha wasanii wa Dar, msela kafanya hivi, mkulima kalamba lolo, yaani kaambulia patupu, ili nionekane wa mjini. Nilikuwa natetea wakulima wa Nyabibuye kwa lugha ya Kinondoni.

Nikamtazama Mama Rosa. Nikalitazama gunia lake, na kofia imesimama. Nikamwona Mzee Hilali kwa mbali ananipungia mkono kutoka kwenye kiti chake.

"Ni wimbo wa mavuno, mama," nikasema. "Unasifu mavuno."

"Na Mzee Hilali?"

"Yeye... ni mwenyeji wetu."

"Haya." Akafurahi, akarudi kucheza. Wapakiaji wakamaliza, gunia likaitwa moja.

Nilitamani ardhi ipasuke. Haikupasuka, ikanibidi nitembee kwa miguu yangu mpaka nyuma ya ghala.

Asmahani alikuwa hapo, kwenye benchi lililo chini ya dirisha, shazia mkononi, anashona kofia ya gunia. Shazia ni ile sindano ndefu ya magunia, na yeye kaishika tangu alipomaliza kidato cha nne. Hakuniangalia.

"Nimekusikia ulivyomjibu Mama Rosa," akasema.

"Ningemwambiaje mbele ya baba yako?"

"Ungemwambia ulichokiimba."

"Tukishaoana nitasema. Nakuapia."

"Tukishaoana utakuwa mkwe wa Mzee Hilali. Mkwe huwa anasema nini?"

Akavuta uzi, akaukata kwa meno.

"Unajua kwa nini nilikukubali?"

"Kwa ajili ya besi," nikasema, na niliamini hivyo kabisa.

"Besi hata siisikii, Shamsi. Mpaka leo sijui ni ipi. Nilikukubali kwa sababu ulinipigia simu ukaniuliza gunia linavikwaje kofia. Nashona hapa miaka, kila mtu ananiambia shona haraka. Hakuna aliyewahi kuniuliza nashona nini."

Niliumia kweli. Nilimpenda saa ile kuliko siku zote, na nilijiona mdogo mbele yake, mimi na nywele zangu nilizozifuga kwa ajili ya jalada la sidi.

"Basi unataka nifanye nini?" nikauliza.

"Nenda kaoge," akasema. "Wazee wanakuja alasiri."

*

Posa ilikaliwa sebuleni kwa Mzee Hilali. Upande mmoja mzee mwenyewe, shekhe wa msikiti wa jirani na wafanyabiashara wenzake wa mazao. Upande wa pili Ami Hashimu na rafiki yake. Mimi, kwa kuwa desturi haikunitengea mahali, niliwekwa karibu na mlango, kwenye viatu.

Ami alikuwa kaandaa maneno mazuri ya kuombea ua lililochanua katika bustani hii. Hakupewa nafasi.

"Ua mmeshapewa," akasema Mzee Hilali. "Hebu kijana asogee, watu wamwone."

Nikasogea. Mzee akaniwekea mkono begani. Mkono mzito, una harufu ya magunia.

"Huyu," akawaambia wenzake, "nilimkataa. Niliona mtu wa magitaa. Kumbe mwenzangu yuko kule Kasulu ananitaja mbele ya dunia. Mimi nimepeleka maharage mpaka Mwanza miaka ishirini, hakuna aliyewahi kunitaja. Leo mtoto wa Kakonko akiniona njiani anaimba jina langu."

Mfanyabiashara mmoja mnene akajikohoza. "Na sisi tungependa kutajwa, Mzee Hilali. Tumemkosea nini huyu kijana?"

"Subirini albamu ya pili," mzee akasema, wakacheka.

Nami nikacheka. Sauti ilitoka nyembamba, ami akanitupia jicho.

Naapa nilikuwa nataka kusema. Maneno yalikuwepo, yamepanga foleni. Lakini mzee alikuwa kanishika bega, na nyuma ya pazia la chumba cha ndani nilijua yupo Asmahani, na nikiharibu sasa hivi, muuza mabati ataitwa kesho. Nikameza. Nikajiambia nitasema baada ya chai. Chai ikaja, ikaisha.

"Sasa mahari," akasema Ami Hashimu, akijiweka sawa. Jambo hilo alikuwa akiliogopa tangu Kasulu.

Mzee Hilali akainua kidole. Na hapa nimtendee haki: kwenye maharage ana lake la kujibu, lakini kwenye dini hana mchezo.

"Katika nyumba hii baba hataji mahari," akasema. "Mahari ni haki ya binti, anataja mwenyewe kwa ulimi wake. Atakachotaja sikiongezi, sikipunguzi, na sikikatai. Shekhe, nasema uongo?"

"Hujasema uongo," shekhe akajibu.

"Nyote mmenisikia?"

Wote wakasema wamemsikia. Mfanyabiashara mnene akasema kamsikia vizuri sana.

Mzee akamgeukia dada yake, Bi Safina, mama wa makamo mwenye sauti iliyozoea kuamrisha wapishi. "Nenda kamwulize."

Bi Safina akapita pazia. Tukasikia minong'ono. Minong'ono ikawa mirefu. Ami, ambaye sasa nilikaa kando yake, akaanza kufuta miwani, ananong'ona: "Atataka ng'ombe. Sasa ng'ombe na kanga vinahusianaje?"

Bi Safina akarudi, uso umebadilika.

"Hataki fedha," akasema.

Ami akavaa miwani.

"Hataki ng'ombe, hataki kitanda wala kabati."

Shekhe akatikisa kichwa, akasema mashallah, binti kalelewa.

"Anataka wimbo."

Mzee Hilali akainama mbele. "Wimbo gani?"

"Ule wako, kaka. Ule wa redioni. Anasema mahari yake ni Shamsi akauimbe."

Mzee akacheka kwa furaha mpaka akashika goti. "Mnamwona mwanangu? Mahari yake ni kumwimba baba yake. Shekhe, hili linaswihi?"

Shekhe akafikiri. "Kumsomea mtu elimu kumewahi kuwa mahari. Wimbo..." Akanitazama. "Una mafunzo ndani yake?"

Watu wote wakaniangalia.

"Yamo," nikasema.

"Basi, wao wenyewe wakiridhiana."

"Bado hajamaliza," akasema Bi Safina. "Ana masharti. Asiimbe hapa. Akauimbie yadini, amesimama kwenye mzani, siku ya gulio, wakulima wote wakiwepo."

"Bora zaidi," akasema mzee.

"Bila gitaa. Bila tarumbeta. Sauti yake tu, na polepole."

"Vizuri. Zile tarumbeta ziliniziba kidogo."

"Na asiimbe kwa hicho Kiswahili cha redio. Aimbe kwa Kiha, watu wa Nyabibuye na Rungwe Mpya wote waelewe. Asiruke neno hata moja."

Nilijaribu kuusema ule wimbo kwa Kiha kichwani. Kwa Kiswahili cha Dar unaweza kujificha. Kwa Kiha, "nani kalivika gunia kofia" ni swali ambalo hata mtoto wa chekechea anajua jibu lake, na jibu limekaa hapa mbele yangu, linafuta machozi ya furaha.

"Na la mwisho," akasema Bi Safina. "Jina la baba asilitoe. Alitamke palepale lilipo."

Mzee Hilali akatoa kitambaa, akajifuta. "Mimi nilijua binti huyu ananinunia," akasema. "Siku hizi ananishonea magunia kimya kimya, salamu nusu. Kumbe moyoni ananiheshimu namna hii."

Nikatazama pazia. Halikutikisika. Asmahani alikuwa kanifunga, na hakutumia hata uzi. Nikiuimba, baba yake atajua mbele ya wakulima wake wote, na sijui mzee wa dini, aliyesema hakatai mahari, na mzee wa lumbesa nani atamshinda mwenzake. Nisipouimba, mahari sijatoa, na bila mahari hakuna ndoa. Kuimba nusu pia kakuziba, asiruke neno.

"Jumamosi," akasema Mzee Hilali, keshasimama. "Gulio ni Jumamosi. Asubuhi ataimba, adhuhuri shekhe ataozesha. Spika nitafunga nne. Waiteni na wa Kakonko."

"Mzee," nikasema. "Kiha... na wewe unakisikia vizuri?"

Akanitazama kwa upendo wa baba.

"Mwanangu, nimenunua maharage kwa Kiha tangu sina ndevu. Hakuna neno litakalonipita. Sasa niambie mbele ya shekhe na wazee hawa, mahari ya mwanangu unaikubali?"

Nikasikia Ami Hashimu ananikanyaga mguu, kwa nguvu. Sikujua anataka niseme ndiyo au hapana, na bahati mbaya mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka.